Kuandika Nyumba: Picha za Mithila kati ya Ibada na Pambo

Katika maandishi mengi yanayohusu picha za ibada za Wahindu wa vijijini, neno linalotangulia ni pambo. Tunaambiwa kwamba wanawake wa Mithila hupamba nyumba zao kwa sura za miungu, na kwamba picha hizo, zikiisha kuhamishiwa kwenye karatasi, zinafaa kupamba nyumba yoyote duniani. Makala haya yanakusudia kulihoji neno hilo. Hatudai kwamba ni la uongo. Ukuta uliochorwa hupendeza kuliko ukuta mtupu, na wachoraji wenyewe wanalijua hilo bila kufundishwa na mhakiki. Ubaya wa neno pambo ni kwamba linafika mapema mno na kufunga mlango: likiisha kutamkwa, hakuna anayeuliza tena picha inamwambia nani, kuhusu nini, na katika chumba gani.

Mithila ni nchi ya kale iliyogawanyika leo kati ya kaskazini ya jimbo la Bihar, huko India, na nyanda za chini za Nepal, ambako mji wa Janakpur unahesabiwa kuwa makao ya mfalme Janaka, baba yake Sita. Jambo hili si la jiografia tu. Ikiwa Sita ni binti wa nchi, basi Rama, shujaa wa Ramayana, ni mkwe wa nchi, na kila bwana harusi anayeingia katika nyumba ya wakwe zake huko Mithila anakanyaga nyayo za mungu aliyeoa hapo. Picha tunazozijadili, ambazo soko limezipa jina la Madhubani kutokana na mji mmoja wa Bihar, zimetoka kwanza katika harusi hiyo. Mahali pake pa asili ni ukuta wa udongo wa nyumba ya kuishi watu. Hekalu halihusiki.

Lugha ya Kimaithili haisemi kwamba picha hizi huchorwa. Husema kwamba huandikwa. Msomaji wa taarifa hizi, aliyezoea kupima maneno, asikimbilie kujenga nadharia kubwa juu ya jambo hilo, kwa maana shina la Kisanskriti *likh* lilikuwa na maana ya kukwaruza kabla ya kuwa na maana ya kuandika, na lugha nyingine nyingi zimechanganya kalamu na brashi. Hata hivyo Kiswahili kinatupa njia nzuri ya kulielewa. Kuandika, kwa maana yake ya zamani ambayo kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inaitaja waziwazi, ni kuweka vitu mahali pake kwa utaratibu. Ndiyo maana tunaandika meza kabla ya kula. Anayeandika meza haipambi, ingawa meza ikiisha kuandikwa hupendeza. Anatayarisha mahali ili jambo litendeke hapo, na watu watakaokaa wanajulikana. Kwa maana hiyo hasa, mwanamke wa Mithila huiandika nyumba.

Tuitazame nyumba yenyewe. Kuta zake ni za udongo, na kabla ya kuchorwa hupigwa lipu ya udongo na mavi ya ng'ombe, au huchovywa rangi nyeupe. Kuna chumba cha mungu wa ukoo, na wakati wa harusi kuna chumba kiitwacho kohbar, ambamo bibi na bwana harusi hukaa usiku wa kwanza hadi wa nne. Desturi inataka ndoa itimizwe usiku wa nne. Ni katika chumba hiki kwamba wanawake wa nyumba na wa jirani, wale wenye waume walio hai, hukusanyika na kuandika. Rangi zao za zamani zilitoka karibu: masizi ya taa kwa weusi, binzari kwa manjano, nili kwa buluu, mchele uliosagwa kwa weupe, maua na udongo mwekundu. Brashi ilikuwa kijiti cha mwanzi chenye pamba au uzi nchani. Mwanamke mzee hupiga mistari ya kwanza, vijana hujaza. Msichana aliyejaza katika harusi tatu au nne amekwisha kujifunza bila kukaa darasani.

Na sakafu pia huandikwa. Michoro ya sakafuni, iitwayo aripan, hutiwa kwa vidole vilivyochovywa katika uji wa mchele, mbele ya mlango, uani, mahali pa kuweka chungu cha ibada. Miguu hupita juu yake, nayo hufutika siku hiyo hiyo au kesho yake. Tunalitaja hili kwa sababu wako watu, Wahindu na wasio Wahindu, wanaodhani kwamba heshima ya picha takatifu ni kuwekwa juu, mbali na miguu na vumbi, tena idumu. Aripan inawakanusha. Kile kinachokanyagwa kwa wakati wake na kwa sababu yake hakikuvunjiwa heshima. Kinachovunjiwa heshima ni kile kilichoondolewa katika wakati wake.

Sasa tuje kwenye fani ya kohbar. Katikati husimama shina moja lililonyooka, nalo limezungukwa na miduara mikubwa, mara nyingi sita, iliyojaa mistari kama majani au maua ya yungiyungi. Pembeni kuna shamba la mianzi. Kisha wamo kasuku wawili wawili, samaki, kobe, nyoka, jua na mwezi, mungu Shiva na mkewe Parvati wakiheshimiwa, na mara nyingi maharusi wenyewe. Hakuna nafasi iliyoachwa tupu: pale mkono unapokosa mnyama huweka ua, unapokosa ua huweka nukta. Nyuso nyingi huonyeshwa upande, zikiwa na jicho moja kubwa lenye umbo la samaki. Katika pembe nne za chumba hukaa Naina Jogin, mwanamke aliyejifunika ushungi na kubakiza jicho moja tu la kutazama, ambaye kazi yake ni kuwakinga maharusi na jicho la hasidi. Picha inayomtazama mtazamaji ili kumzuia haiwezi kuelezwa kwa neno pambo, hata tulinyooshe namna gani.

Juu ya shina lile na miduara ile, wino mwingi umemwagika. W. G. Archer, afisa Mwingereza aliyekuwa akiongoza wilaya ndogo ya Madhubani, aliziona picha hizi baada ya tetemeko la ardhi la tarehe 15 Januari 1934, lilipozibomoa nyumba na kuuacha wazi ukuta wa ndani ambao mgeni hakupaswa kuuona. Ni vizuri kukumbuka hilo: macho ya kigeni yaliingia Mithila kwa njia ya ukuta uliovunjika. Mwaka 1949 alichapisha makala juu yake katika jarida la Marg la Bombay, akiwalinganisha wanawake hao na wachoraji wa kisasa wa Ulaya kama Klee na Miró. Tangu kwake, tafsiri ya kohbar imekuwa ile ya jinsia: shina ni uume, duara ni uke, na yaliyobaki ni ufafanuzi. Mfaransa Yves Véquaud, katika kitabu chake *L'art du Mithila* cha mwaka 1976, aliipeleka tafsiri hiyo mbali zaidi, akaifunga na mafundisho ya siri ya Tantra na kumwonyesha mwanamke wa Mithila kama kuhani huru wa mapenzi.

Kitabu cha Véquaud kimesomwa sana, na kwa kuwa kiliandikwa kwa Kifaransa, ndicho kinachoweza kumfikia kwanza msomaji wa Kongo. Kwa hiyo tuseme wazi tunavyokiona. Kina mapenzi ya kweli kwa picha, nacho kilizifungulia milango ya Ulaya. Lakini kinausoma ukuta bila kuwasoma waandishi wake. Mwanaanthropolojia Carolyn Brown Heinz, katika uchunguzi wake wa mwaka 1996, aliikosoa namna hii ya kuisoma, akionyesha umbali uliopo kati ya yale wageni wanayoyaona katika kohbar na yale wanawake wenyewe wanayoyasema. Katika maelezo ya wenyeji, ile miduara ni *purain*, majani ya yungiyungi yanayoenea juu ya ziwa hadi kulifunika, na mianzi ni mianzi, ambayo huchipua kila mwaka kutoka shina moja. Hapa lugha inasaidia kuliko nadharia. Katika Kisanskriti neno moja, *vamsha*, ni mwanzi na pia ni ukoo. Mswahili hashangai. Katika lugha yake mlango ni mlango, na pia ni tawi la ukoo. Tumbo ni tumbo, na pia ni watoto wa mama mmoja. Mtu atakayeandika kwamba Waswahili huabudu milango kwa sababu husema mlango wa fulani atakuwa amefanya kazi iliyofanana na ile ya Véquaud.

Je, hakuna jinsia katika kohbar? Imo, kwa kuwa ni chumba cha maharusi na hakuna anayejificha. Lakini dhamira iliyo kuu ni kuenea kwa ukoo, na jinsia ni njia ya kufikia hapo. Mhakiki anayeanza na kumalizia na jinsia amekisoma chumba kana kwamba wawili wale wako peke yao, hali wanawake kumi wamejazana humo wakiimba na kutia rangi.

Mwaka 1966 na 1967 Bihar ilipigwa na ukame na njaa. Pupul Jayakar, aliyekuwa akiongoza Bodi ya Kazi za Mikono ya India, alimtuma msanii Bhaskar Kulkarni huko Madhubani na mizigo ya karatasi, ili wanawake waandike juu yake yale waliyozoea kuandika ukutani na wapate fedha za chakula. Kutoka hapo yalitoka majina: Jagdamba Devi, aliyepewa nishani ya Padma Shri mwaka 1975, Sita Devi wa Jitwarpur mwaka 1981, Ganga Devi mwaka 1984, Mahasundari Devi mwaka 2011. Kabla ya karatasi, hakuna mwanamke aliyetia sahihi ukutani. Sahihi ni mtoto wa soko, nalo soko lilizaliwa na njaa.

Wapo wanaoisimulia hadithi hii kana kwamba karatasi ilikuwa kitu kigeni kabisa. Sivyo. Miongoni mwa Wakayastha, watu wa tabaka la makarani, kulikuwa na desturi ya kuandika kohbar na sura nyingine juu ya karatasi na kuifungia ndani yake *sindur*, ule unga mwekundu ambao bwana harusi humtia bibi harusi katika mstari wa nywele. Karatasi hizo zilisafiri kutoka nyumba moja hadi nyingine, zikahifadhiwa, zikanakiliwa. Hata mtindo wao ulioitwa *kachni*, wenye mistari myembamba mno na rangi mbili tu, nyeusi na nyekundu, unafanana na kazi ya kalamu, ilhali ule wa Wabrahmini ulioitwa *bharni* hujaza eneo kwa rangi nzito. Kwa hiyo picha ilikwisha kujua kusafiri. Tofauti ni kwamba karatasi ya sindur ilikuwa na anwani, na iliyobeba ndani yake ilikuwa kitu ambacho picha ilikisindikiza.

Hapa inampasa mhakiki awe mwangalifu asije akalia mahali ambapo wengine walicheka. Ukuta wa zamani ulikuwa na wenyewe. Wanawake wa Kidusadh, tabaka lililohesabiwa kuwa lisiloguswa, hawakuwa na haki ya kuandika miungu ya Wabrahmini kwa namna ya Wabrahmini. Mnamo miaka ya 1970 walianza kuuza karatasi zao wenyewe, na fani yao waliitoa kwenye chale za ngozi, *godna*, ambazo wanawake wao walikuwa wakichanjwa mikononi na miguuni: safu za watu wadogo, miti, ndovu, vimezungushwa duara ndani ya duara. Karatasi yenyewe waliipaka kwanza maji ya mavi ya ng'ombe, hata ikapata rangi ya ukuta. Mungu waliyemwandika alikuwa wao, Raja Salhesh, shujaa wa watu wao. Chano Devi ndiye jina linalotajwa kwanza katika mtindo huo. Na Dulari Devi, wa jamii ya wavuvi, alikuwa mtumishi wa nyumbani katika kijiji cha Ranti, kwenye nyumba ya wachoraji. Akajifunza kwa kutazama, na mwaka 2021 naye akapewa Padma Shri. Kama picha zingebaki ukutani peke yake, huyo angefagia chini ya kohbar ya wengine hadi leo. Atakayeulaani mpito wa kwenda sokoni sharti amwambie Dulari Devi usoni.

Kisa kinachotuonyesha jambo hili katika uzito wake wote ni cha Ganga Devi. Alizaliwa mwaka 1928 katika familia ya Kikayastha, akaolewa. Alipokosa mtoto aliye hai, mumewe akaleta mke mwingine, naye akaachwa na ufukara. Angalia basi: mwanamke huyu, ambaye kohbar yake mwenyewe haikumpa kile inachokiahidi, ndiye aliyekuja kuwa mkubwa wa waandikao kohbar. Mkono wake ulikuwa wa mistari, na alipenda kalamu ya chuma. Kwenye karatasi hakurudia tu mambo ya ukutani. Aliandika mfululizo juu ya maisha ya binadamu, na hayo ni maisha ya mwanamke wa kijijini tangu mimba. Alipokwenda Marekani mwaka 1985 aliandika yale aliyoyaona huko, hata mabehewa ya mchezo yanayopanda na kushuka. Alipopatwa na saratani aliandika hospitali, kitanda chake na matibabu yake. Katika kazi hizi hatuoni tena ukuta uliokatwa. Tunaona fani ya ukuta imekubali kubeba maudhui ambayo ukuta haukuwa nayo, na mwenye kuzungumza ni mtu mmoja.

Mwishoni mwa maisha yake, akiwa mgonjwa, kati ya mwaka 1989 na 1990, aliandika chumba kizima cha kohbar katika Jumba la Makumbusho ya Kazi za Mikono huko New Delhi. Jyotindra Jain, aliyekuwa mkuu wa jumba hilo na ambaye mwaka 1997 alichapisha kitabu kizima juu ya mchoraji huyu, ndiye aliyeisimamia. Alifariki mwaka 1991. Chumba kilibaki, na watu wakaenda kukitazama. Mwaka 2015, katika matengenezo ya jumba, kikaharibiwa.

Kelele zilipigwa magazetini, na kwa haki. Lakini katika mjadala ilisikika pia hoja moja inayohitaji jibu la mhakiki: kwamba picha za ukutani za Mithila kwa desturi hufutwa na kuandikwa upya, basi msiba uko wapi? Hoja hii ni ya mtu aliyesikia nusu. Huko kijijini ukuta hufutwa kwa sababu harusi nyingine inakuja, na mkono ulioandika wa kwanza upo, au umekwisha kumfundisha mwingine. Ufutaji ni sehemu ya kuandika, kama vile kuondoa sahani ni sehemu ya kuandika meza. Makumbusho hayakuwa na harusi iliyokuwa ikingojwa. Mkono ulikuwa umekwisha kufa miaka 24. Zaidi ya hayo, ukuta ule haukuwa wa kohbar ya desturi: hakuna maharusi waliolala humo. Ulikuwa ni maneno ya mwisho ya msanii, yaliyowekwa katika umbo la chumba cha harusi, mahali palipojengwa kwa ajili ya kutunza. Aliyeuharibu aliuona kuwa pambo la ukutani, nalo pambo hubadilishwa nyumba inapokarabatiwa. Hapa neno baya lilizaa tendo.

Msomaji wa Katanga atakuwa amekwisha kufikiri juu ya kuta za kwao. Ilona Szombati-Fabian na Johannes Fabian, katika uchunguzi wao wa mwaka 1976, walionyesha kwamba picha zilizotundikwa katika sebule za wafanyakazi wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi katika miaka ya 1970 zilikuwa na kazi moja iliyotajwa kwa jina la Kiswahili: ukumbusho. *Colonie belge* pamoja na askari wake na fimbo yake haikuwekwa juu ya viti ili ipendeze. Iliwekwa ili mgeni akaapo aikumbuke, na mazungumzo yaanze. Nasi tunajua yaliyofuata: mfululizo wa historia alioutengeneza Tshibumba Kanda Matulu mwaka 1973 na 1974 leo uko katika makumbusho ya Amsterdam, nao unasomwa na wataalamu, si na majirani.

Tena kuna uzi mmoja unaotufunga na India kwa kweli. Mamba Muntu, yule mwanamke wa majini ambaye sebule nyingi za Shaba zilimtundika, ana jamaa zake katika Mami Wata wa pwani ya magharibi ya Afrika. Henry John Drewal ameonyesha jinsi picha ya mwanamke mshika nyoka, iliyochapwa Hamburg katika karne ya 19, ilivyochukuliwa huko kuwa sura ya Mami Wata, na jinsi ilivyochapwa tena Bombay mwaka 1955 kwa ajili ya wafanyabiashara wa Ghana. Pamoja nayo ziliingia picha nyingine za Kihindi za kupigwa chapa, za Lakshmi na Shiva na Hanuman, na waumini wa Mami Wata huko Togo na Benin walizipa mahali madhabahuni. Hawakuzichukua kama mapambo ya kigeni. Walizichukua kama picha zinazotenda kazi, wakazipa kazi mpya. Tunakiri kwamba usomaji wao haukuwa usomaji wa Kihindu. Lakini katika jambo moja walizielewa kuliko wanunuzi wengi wa leo: waliziuliza zinaweza nini.

Basi mwenye nyumba anayetaka kutundika picha ya Mithila ukutani afanyeje? Kazi ya uhakiki si kumkataza. Ni kumsaidia kutofautisha. Ziko kazi zilizoandikwa kwa ajili ya karatasi, zenye mpaka wake, mwanzo wake na mwisho wake: mti wa maisha wa godna, kisa cha Salhesh, mambo ya hospitali ya Ganga Devi, masimulizi ya Dulari Devi juu ya maisha yake ya kazi. Hizi zinakaa katika sebule yoyote bila aibu, kwa sababu zilimlenga mtazamaji asiyejulikana. Ziko nyingine ambazo ni vipande vya chumba: duara moja la purain lililokatwa katika kohbar, samaki wawili waliotolewa katika ziwa lao, Naina Jogin aliyewekwa katikati ya ukuta wakati kazi yake ni ya pembeni. Hizi, hata zikichorwa kwa ustadi, ni kama sentensi zilizonyang'anywa kitenzi. Na tangu mwaka 2007, picha za Madhubani zilipopewa ulinzi wa kisheria wa jina la mahali, sheria inaweza kutuambia kitu kimetoka wapi, lakini haiwezi kutuambia kama ni kizima au ni kipande. Mito ya viti, sinia, mikoba, hata barakoa za mwaka 2020, karibu zote ni za vipande. Tusiwalaumu wanaozitengeneza, watu hula. Ila tusiviite vitu hivyo urithi kwa sauti ile ile tunayoitumia kwa kohbar.

Kuhusu bei, jambo moja fupi: kazi ya mistari myembamba ya kachni huchukua siku nyingi kuliko picha iliyojazwa rangi za dukani, na mnunuzi anayelipa kwa upana wa karatasi anamwadhibu mwenye mkono mwangalifu. Matokeo yake yanaonekana wazi katika karatasi nyingi zinazouzwa kwa watalii, ambamo mistari miwili sambamba ya mpaka imeachwa wazi, bila zile nyufa ndogo za wino katikati yake.

Huko Mithila kwenyewe nyumba za saruji zimeongezeka, na ukuta wa saruji haupendi udongo wala mavi ya ng'ombe. Kuna familia ambazo sasa huandika kohbar kwenye karatasi kubwa au kitambaa, au huiagiza kwa mchoraji anayejulikana, na kuibandika katika chumba cha maharusi siku ya harusi. Karatasi iliyotoka ukutani kwa njia ya njaa imerudi ukutani kwa njia ya saruji. Kwa mtazamo wa fani, kohbar hiyo ni ile ile iliyotundikwa katika hoteli ya mji mkuu: mkono mmoja, rangi moja, pengine mwandishi mmoja. Lakini wanawake huimba mbele yake, maharusi huletwa kuiheshimu, na baada ya siku nne hakuna anayeiuliza kama inalingana na rangi ya mapazia.